Mlango uliolipiwa Lindi

Nyumba yetu ya Houston ina mlango wa mbele ambao mvua ikinyesha siku mbili mfululizo unavimba, na ili ufunguke lazima uusukume kwa bega. Mume wangu amesema mara nyingi tuubadilishe. Nakataa. Mlango ule ulilipiwa Lindi, na walioulipia ninayo majina yao, thelathini na moja, yameandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya daftari.

Nayaandika haya kwa sababu ya binti yangu. Julai 2024, kimbunga Beryl kilipopita hapa na kuzima umeme kwa wateja zaidi ya milioni mbili, tulikaa siku sita kwenye joto na giza. Usiku tunatoa mkeka barazani, kila mtu na upepeo wake. Usiku mmoja akaniuliza: "Mama, ile ya kimbunga Harvey ilikuwaje hasa? Mimi nakumbuka vipande tu." Alikuwa na miaka tisa wakati ule. Mdogo wake alikuwa na minne, yeye anasema anakumbuka harufu. Nikawasimulia mpaka usiku mkubwa, na nilipomaliza nikaona nisiliache hili likae mdomoni tu.

Mimi ni mzaliwa wa Lindi mjini. Bibi mzaa mama alikuwa akihesabu umri wa watu kwa tufani: huyu kazaliwa kabla ya tufani, yule mtoto wa baada ya tufani. Ni ile ya tarehe 15 Aprili 1952, iliyotua Lindi ikaangusha nyumba na kulaza minazi. Tulipokuwa wadogo tuliichukulia kama hadithi za majini, maana hatukuwahi kuona kitu cha namna ile. Pwani yetu iko karibu na ikweta, na huko nguvu ya mzunguko wa dunia inayokifanya kimbunga kijisokote ni hafifu. Tena Madagaska imetukingia kifua upande wa mashariki. Kizazi kizima kinaweza kuzaliwa na kuzikwa bila kukiona. Ila kikija, kinakumbukwa. Unguja walipigwa tarehe 15 Aprili hiyohiyo, mwaka 1872, mikarafuu ikang'oka, na Pemba iliyosalimika ndiyo ikaja kuwa kisiwa cha karafuu.

Bibi alikuwa anasema jambo moja kuhusu tufani ambalo sikulielewa mpaka nilipofika miaka arobaini: kwamba upepo hakuuogopa kama alivyoogopa kesho yake asubuhi.

Basi Agosti 2017. Harvey kilitoka Atlantiki, kikapita Barbados, kikafia bahari ya Karibi na watu wakaacha kukitaja. Mabaki yake yakasogea mpaka Ghuba ya Mexico, yakakuta maji ya moto, kikafufuka. Ijumaa usiku, tarehe 25, kikatua Rockport, zaidi ya kilomita 200 kusini magharibi yetu, kikiwa daraja la nne, upepo wa kilomita 210 kwa saa. Sisi Houston upepo wenyewe haukutufikia hivyo. Kilichotufika ni kwamba kimbunga kilikosa pa kwenda. Hakukuwa na mkondo wa hewa wa kukisukuma, kikawa kinazungukazunguka palepale siku nne, kinanyonya maji ya Ghuba na kuyamwaga juu yetu. Nederland, mashariki ya hapa, walipima milimita 1,539. Mvua ya Lindi ya mwaka mzima haifiki huko.

Watu wa nyumbani huniuliza kwa nini hatukukimbia. Nafanya kazi ya kutunza wazee, na kisa cha Rita nilisimuliwa kazini wiki yangu ya kwanza. Mwaka 2005 watu wa Houston walikimbia kimbunga Rita wote kwa pamoja, magari yakakwama barabarani masaa na masaa kwenye joto, na katika kukimbia kule wakafa watu zaidi ya mia. Basi moja lililobeba wazee wa nyumba ya kutunzia liliwaka moto karibu na Dallas, mitungi ya oksijeni ikalipuka, wakafa 23. Kwa hiyo Harvey ilipokuja, meya hakuamuru watu waondoke. Wapo wanaomlaumu mpaka leo. Mimi kila nikifikiria mamilioni ya watu ndani ya magari kwenye barabara zile zilizogeuka mito, simlaumu.

Jumamosi mchana mvua ilikatika. Watoto walicheza nje. Watu wakaanza kusema mambo yamekwisha, kumbe mawingu yamepumzika tu. Usiku ule Mayweather alikuwa anapigana na McGregor kule Las Vegas, na mume wangu akaenda kuangalia pambano kwa rafiki yake Mkenya upande wa Alief, kama dakika ishirini kwa gari. Alisema akirudi ataniletea nyama choma. Nilimwona Jumanne.

Saa tatu usiku mvua ilianza tena, na haikuwa mvua ninayoijua. Ilikuwa haina matone. Saa nne na nusu mume wangu akapiga simu kwamba barabara imefungwa na maji, gari ameliacha juu ya daraja, karudi kwa rafiki yake kwa miguu. Simu ikawa inapiga king'ora kila baada ya muda: mafuriko, upepo wa kimbunga kidogo, mafuriko tena. Watoto wakalala na king'ora. Mimi nilikaa sebuleni na tochi, naangalia mlango.

Maji hayakupita mlangoni. Choo kilianza kukoroma. Nikaenda kutazama, nikakuta beseni la kuogea linapanda maji meusi kutoka chini. Nikarudi sebuleni, nikakanyaga zulia, maji yakatoka katikati ya vidole vyangu. Yalikuwa yanaingia chini ya kuta, pande zote kwa pamoja, bila kelele. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, ule ukimya. Nje mvua inapiga kama ngoma, ndani maji yanapanda kimya kama mtu anayeingia chumbani hataki kuwaamsha waliolala.

Nilikwenda gereji kuzima swichi kuu ya umeme wakati maji yako kwenye vifundo. Nikarudi nikakusanya hati zetu: pasipoti, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti chetu cha ndoa, karatasi za uraia, hati ya nyumba. Nikazitia kwenye mfuko wa plastiki nikaziweka juu ya friji, kwa akili kwamba ndicho kitu kirefu na kizito kuliko vyote mle ndani. Watoto nikawapandisha juu ya meza ya jikoni, wamejifunika blanketi moja. Maji yakafika magotini. Nikafikiria kupanda darini, lakini kwenye simu walikuwa wanaonya watu wasijifungie darini bila shoka, kwani maji yakiwafuata huko hawatakuwa na pa kutokea. Shoka sina. Nina panga la kukatia majani.

Ndipo friji ikanyanyuka. Sikujua kwamba friji inaelea. Iliinuka taratibu upande mmoja, ikatikisika kama mtu aliyelewa, kisha ikalala chali majini kwa kishindo, na mfuko wa hati zetu ukaenda nayo. Binti yangu akapiga ukelele ambao mpaka leo nikiusikia kwenye ndoto naamka.

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara ni mwalimu mstaafu, mzee Mmarekani mweusi ambaye watoto wanamwita Babu. Mtaa ule uko karibu na Brays Bayou, mto mdogo uliojengewa zege, na mafuriko ya Mei 2015 yalimwingilia ndani. Yeye akachukua mkopo akainua nyumba yake juu ya nguzo. Sisi ile ya 2015 iliishia kizingitini, tukashukuru Mungu tukalala. Usiku huo alikuwa amesimama barazani kwake na taa kubwa, anamulika nyumba moja moja. Alipoona tochi yangu dirishani akafunga kamba kwenye nguzo ya baraza, akaja nayo mpaka kwetu, mzee wa miaka sabini na kitu, maji kifuani.

Nilimbeba mdogo mgongoni kwa mbeleko. Nilivuta kanga ya kwanza niliyoifikia, nikamfunga mtoto wa miaka minne kama kichanga, kwa fundo lile alilonifundisha mama, moja begani na moja kifuani. Yule mkubwa nikamwambia: shika kamba kwa mikono miwili, ukiiachia mkono mmoja usiachie wa pili. Barabara ile kwa kawaida naivuka kwa hatua kumi na tano kwenda kumpelekea Babu maandazi. Tuliivuka sijui kwa muda gani. Maji yananuka petroli na choo. Kikapita kitu chekundu kinachoelea kama kipande cha zulia, Babu akatusukuma pembeni: walikuwa siafu wa huku, wadogo wekundu, wameshikana maelfu kwa maelfu wakaunda chelezo. Ukikigusa wote wanakupanda. Mtoto mgongoni alikuwa ananiuliza sikioni, "Mama, tunaenda baharini?"

Kwa Babu tulikuwa watu kumi na wawili na mbwa wawili, kwa siku mbili. Kulikuwa na familia ya kutoka El Salvador, kina mama wawili watu wazima wa mwisho wa mtaa, na kijana mmoja aliyekuwa anapita tu kwa gari likazima. Tulikula biskuti na maharage ya kopo. Nilikuwa naswali chumba cha kufulia. Dirishani tunaona paa la gari letu la pili, kisha hatulioni. Kwenye redio tukasikia kwamba ukumbi mkubwa wa mikutano wa katikati ya mji umejaa watu, na kabla wiki haijafika nusu wakawa zaidi ya elfu kumi. Boti zilipita mtaani, za watu binafsi waliokuja na boti zao za kuvulia samaki kutoka mbali, hata Louisiana. Hawakuwa wametumwa na mtu.

Jumanne mvua ilikwisha. Jioni mume wangu akafika, kapandishwa lori la taka la manispaa nusu ya njia, nyingine kaja kwa miguu. Alisimama mlangoni kwa Babu hana la kusema. Alikuwa ameushika mfuko wa nailoni wenye nyama choma ya Jumamosi, imeshaharibika. Hata yeye hajui kwa nini aliibeba.

Maji yaliacha mstari ukutani, futi mbili na inchi tisa, umenyooka kama umepigwa kwa rula, umezunguka nyumba nzima. Juu ya mstari ni nyumba yako: picha za shule za watoto, kalenda, saa inayokwenda. Chini yake ni tope.

Sasa nilielewa maneno ya bibi kuhusu kesho yake asubuhi.

Nyumba za huku kuta zake za ndani si tofali. Ni bodi za jipsamu zilizopigiliwa kwenye mbao, na katikati mna sufi ya waridi ya kuzuia baridi na joto. Ikilowa inakunywa maji kama sponji na kuyapandisha juu, na kwa joto la Agosti siku tatu hazipiti imeshaota kuvu. Kwa hiyo huwezi kupiga deki ukasema nimemaliza. Unaivunja nyumba yako kwa mikono yako. Unakata ukuta kwa urefu wa futi nne kutoka chini, kwa sababu bodi mpya ina upana wa futi nne na itaingia hapo sawasawa. Unatoa sufi. Unang'oa sakafu. Kila kilichokuwa ndani unakibeba na kukimwaga ukingoni mwa barabara, vitanda, makochi, makabati, mpaka mtaa mzima una kuta mbili za takataka kuliko kimo cha mtu, na katikati pamebaki njia ya gari moja. Ukipita unasoma maisha ya jirani zako: piano, gauni la harusi, kitanda cha mtoto, vitabu vilivyovimba.

Sikukuu ya Idd el-Hajj iliangukia Ijumaa, tarehe 1 Septemba. Mwaka ule sikupika kitu, hatukuvaa kitu. Asubuhi tuko ndani, mimi na mume wangu na mtaimbo mmoja wa kuazima, tumefunga vitambaa puani. Karibu saa nne nikasikia salamu nje. Walikuwa vijana wa msikitini, kama wanane, wametoka kuswali Idd wakiwa bado na kanzu zao. Walizivua wakazitundika kwenye mti wa mbele, kanzu nane nyeupe zinapepea juu ya mlima wa takataka, ndani wana fulana na suruali za kazi. Wakaingia na toroli na nyundo. Mchana wakaja wengine, watu wa kanisa la Kibatisti kutoka kaunti nyingine, wazungu watupu, nao wakaanza upande wa vyumbani. Hawakuwa wamepangwa. Walikutana koridoni kwetu. Dada mmoja Mkenya akaja na sufuria la pilau nyuma ya gari, tukala tumesimama na glovu mifukoni. Jioni nyumba ikawa nguzo za mbao tupu, unasimama sebuleni unaona mpaka choo cha mwisho.

Hapo ndipo nilipolia. Siku ya maji sikulia.

Hati zetu nilizipata chini ya friji, ndani ya mfuko uliojaa maji. Sanduku langu la kanga nalo lilikuwa limelowa, na kanga moja nyekundu ya harusi ilikuwa imetoa rangi yote. Nilinyoosha karatasi moja moja kwa kisu cha kupakia siagi, nikazianika sebuleni kwa Babu kwenye waya kwa vibanio vya nywele vya binti yangu. Cheti cha ndoa peke yake kilikuwa kimechomoka kwenye mfuko, nilikikuta kimegandamana na upindo wa kanga iliyokuwa imeelea mpaka jikoni. Nilipoubandua, ua la kanga likabaki kwenye karatasi, jekundu, juu kidogo ya jina la baba yangu. Bado kinasomeka. Nikipeleka nakala mahali huwa naulizwa lile doa ni nini.

Miezi iliyofuata sitaieleza yote, ilikuwa ya foleni na karatasi. Lakini haya mtu wa kwetu anayenunua nyumba Marekani ayajue. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ni nyingine, inanunuliwa peke yake, na ukiinunua leo kwa kawaida inaanza kazi baada ya siku 30, kwa hiyo huwezi kungoja utabiri. Benki haikutulazimisha kuwa nayo kwa kuwa ramani ilisema tuko nje ya eneo la hatari, nasi tukaiamini ramani. Nyumba nyingi mno zilizolowa na Harvey zilikuwa nje ya maeneo yale. Msaada wa serikali kuu kwa kaya mwaka ule ulikuwa na kikomo cha dola 33,300, na wengi tulipata sehemu tu ya hiyo. Zilizobaki tulikopa. Na mbao za kuta zipimwe unyevu kwa kipimo chake kabla hujazifunika, zisizidi asilimia 15. Ukiharakisha, kuvu unalijengea nyumba. Fundi mmoja alichukua dola 4,000 zetu za kuanzia kazi, akaleta ngazi na ndoo mbili, hakuonekana tena. Ndoo tunazo.

Tuliishi chumba kimoja kwa yule rafiki wa Alief, familia mbili ndani ya fleti moja, mpaka Machi 2018. Binti yangu alilala na viatu miguuni mwaka mzima. Sikumkataza.

Siku moja kwenye kituo cha misaada mhudumu alikuwa anauliza kama kuna mtu anajua Kiswahili. Nikakuta mama wa Kivu na watoto watano, hajaelewa hata fomu moja. Nikamjazia. Tulipomaliza akanishika mkono akasema, "Mi nilikimbiaka vita, dada. Sasa maji nayo inanikimbiza." Akacheka, nami nikacheka, tukabaki tumeshikana mikono kwenye viti vile vya plastiki.

Mimi nilifika Marekani 2004. Tangu mshahara wa kwanza nimekuwa mtu wa kutuma. Ada, dawa, mabati, misiba. Mama akipiga simu huwa najua kabla hajamaliza salamu. Sikuwahi kunung'unika na sinung'uniki sasa, ndivyo tulivyolelewa. Lakini nilikuwa nimejiona kwamba mkono wangu ni wa juu, na nilipopata Harvey niliwaficha. Niliwaambia maji yameingia kidogo. Mdogo wangu ndiye aliyeona picha za mume wangu kwenye WhatsApp, akampelekea mama.

Mama akapiga. Nikamwamkia. Hakuitikia marahaba yake ya siku zote. Alisema, "Mwanangu, umelala wapi?"

Nikashindwa kusema uongo.

Wiki mbili baadaye kaka aliyeko Dar akanitumia hela. Shilingi 350,000, kwa wakati ule dola 150 na kitu. Pamoja nazo ikaja picha ya ile karatasi ya daftari. Mama alikuwa amekwenda kwenye kikundi chao cha kina mama, akawaeleza, na wakachanga. Mwandiko ni wa mama mwenyewe, umelala kulia. Wapo waliotoa elfu ishirini. Wapo wa elfu tano. Jina la mwisho ni la bibi mmoja anayeuza samaki wa kukaanga stendi, mwanamke ninayemjua tangu nikiwa na miaka sita, elfu mbili. Nilikaa chooni kwenye ile fleti ya Alief, mahali pekee penye faragha, nikaisoma karatasi ile jina kwa jina.

Nilimpigia mama nikamwambia awarudishie. Nikamweleza kwamba huku wanatusaidia, kwamba zile pesa wao zinawauma zaidi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Wewe umetuma miaka kumi na tatu, hakuna aliyekurudishia. Na wewe leo ni mtu wa kutumiwa. Pokea, uwaombee."

Kupokea kulinishinda zaidi kuliko kubomoa kuta. Vijana wa kanzu niliwapikia baadaye, watu wa kanisa niliwaandikia barua, Babu nampelekea maandazi kila Jumamosi. Lakini bibi wa samaki nimlipe nini? Nilikaa na pesa ile mwezi mzima kwenye bahasha. Mwishowe tukanunua mlango, kwa sababu nyumba ilikuwa inafungwa kwa ubao. Ulikuwa wa punguzo la bei, wa mbao, haukufaa hata kidogo kwa hewa ya huku. Mume wangu aliusimamisha mwenyewe, nami nikaupaka rangi ya kijani, kama milango ya kwetu.

Bima ya mafuriko tunayo sasa, na kila Juni mosi, msimu wa vimbunga ukianza, nazipiga picha hati zote na kuzitia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Ni moja ya zile ndoo za fundi.

Mei 2024, miezi miwili kabla ya Beryl, nilisikia jina Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetoa tahadhari: kimbunga kinakuja pwani yetu, Mtwara, Lindi, Mafia. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 4 sikulala. Baadaye tulijua kilitua Mafia kikiwa kimeshapungua nguvu, ingawa mvua zake ziliikata barabara ya Dar na Lindi upande wa Kilwa, malori yakalala huko siku kadhaa. Lakini usiku ule sikujua. Nilikuwa kazini, zamu ya jioni, natoka kila dakika ishirini kwenda kupiga simu koridoni. Mama alipokea mara ya nne. Nyuma yake nasikia mabati yanapiga kelele.

Nikamwuliza kama amepandisha mchele. Amepandisha juu ya kabati. Nikamwuliza hati za kiwanja na vyeti vya marehemu baba.

"Nimezifunga kwenye mifuko mitatu nimezifunga kiunoni kwa kanga," akasema. "Nilitaka kuziweka juu ya friji, nikakumbuka. Si ulisema inaelea?"